Waya Nyuma ya Dashibodi

Mzee Thadeus alisimama mlangoni kwangu akiwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nami nilikuwa na kibano mkononi, na kwenye ncha ya kibano kishikizo cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilimwamkia bila kuinuka. Kishikizo kile kilinichukua asubuhi nzima kukikata, na sikuwa tayari kukipoteza sakafuni kwa sababu ya mgeni, hata kama mgeni mwenyewe alikuwa bosi wangu kwa miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Kindness. Endelea na kazi. Nitasubiri."

Akaketi upande wa pili wa meza, akasubiri. Hapa Mwika hata mtoto anajua maana ya jani lile. Masale tunayapanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba radhi, humkatalii. Wazee wetu walisameheana hata damu kwa jani hilo. Nikakigandisha kishikizo mahali pake kwa tone la gundi, nikaweka kibano chini, nikamtazama.

Mezani kati yetu palikuwa na ndege. Ndege ya injini moja, viti sita, niliyoipunguza mara ishirini na nne hadi ikaenea kwenye sinia. Binti yangu Kindness huiita mdoli wa mama, na majirani wamekwisha kunong'ona kuwa nilipostaafu ufundi umeme wa ndege, akili niliisahau karakana. Wanong'one. Mikanda ya kiti cha rubani nimeikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai. Vioo vya geji ni matone ya rangi ya kucha isiyo na rangi. Nyaya nimezichomoa ndani ya hedifoni mbovu, nikazipaka rangi mojamoja kwa ncha ya sindano, kisha nikazifunga mafungu kwa uzi, vilevile nilivyozifunga zile za kweli. Ndege ikishafunikwa, nyingi hazitaonekana na mtu. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi najua zipo, na hilo linatosha.

Jumapili Kindness aliipiga picha kabla sijafunika dashibodi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la usharika wetu wa kanisa. Pongezi zikamiminika. Katika watu mia na ishirini wa kundi lile, ni mmoja tu ambaye angeikuza picha na kuona, nyuma ya geji ya mwinuko, waya mweupe uliochubuka ganda pale unaposuguana na kishikizo, shaba ikichungulia. Mtu huyo ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu na jani.

"Ule waya," akasema. "Kwa nini umeuweka?"

"Kwa sababu ulikuwepo."

Miaka minane iliyopita niliuona kwa tochi kwenye ndege ya kweli, nikamwambia Thadeus. Akasema ndege iruke, tutaushughulikia Ijumaa. Jumatano, rubani wetu Davis aliingia nayo kwenye mawingu, geji zote zikafa kwa mpigo mmoja, akaangukia shamba la mahindi Sanya Juu. Namshukuru Mungu hakuwa amebeba abiria. Sehemu ya mbele iliungua yote, na waya wetu ndani yake, na ripoti ikaandika kosa la rubani. Davis akapoteza mguu na leseni. Siku hizi anatengeneza redio Rau, na wapo wanaomtania hadi leo kuwa ndiye Mchagga pekee aliyepotea chini ya mlima wake mwenyewe.

"Mama Kindness," Thadeus akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Nina wajukuu. Nimekuja na isale, nawe unajua isale haikataliwi. Ung'oe huo waya. Yaliyoungua tuyaache majivuni."

Hasira ikanipanda. Nimeliona jani hilo likiletwa kwa ugomvi wa mipaka, kwa ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, kwa binti aliyetiwa mimba. Sikuwahi kuliona likiletwa kununua kimya.

"Nalipokea," nikasema, nikalichukua. "Sasa niambie umenikosea nini."

Akashusha macho kwenye ule waya.

"Miguu yangu yote miwili hii hapa. Jani limepotea njia, Mzee. Lilitakiwa lishuke Rau."

"Na wewe?" akauliza taratibu. "Walipokuuliza kwenye uchunguzi kama uliona hitilafu yoyote, ulijibu nini? Nilikaa kiti cha pili kutoka kwako."

Nilijibu kuwa sikuona kitu. Nilijibu kwa sauti ya wazi, bila kuulizwa mara mbili, maana nilikuwa na mtoto shuleni, na nilikuwa mwanamke pekee karakana nzima, nami nilijua nani angetupwa nje wa kwanza. Sababu hizo nimezitunza miaka minane, na hakuna hata moja iliyomfaa Davis. Hata ndege hii nilikusudia kuibandika kifuniko na kuiweka kabatini, ukweli umo ndani, mahali ambapo hautamsumbua mtu. Nami nilijiona jasiri. Aibu ilinishika.

Nikachukua kifuniko cha dashibodi, kipande kidogo nilichokuwa nimekipaka rangi mara tatu, nikakivunja kati ya vidole.

"Umekiharibu," Thadeus akasema. Ilikuwa sauti ya fundi, si ya mtu mwenye hofu.

"Haitafunikwa. Njoo uone."

Nikamsogezea kioo cha kukuzia. Alisita, kisha akainama, akakaa hivyo muda mrefu, pumzi zake zikitia ukungu kwenye kioo. Akakifuta kwa shati, akainama tena.

"Kishikizo cha waya kilikuwa kushoto zaidi," hatimaye akasema. "Kidogo tu."

"Kiasi gani?"

Akanionyesha kwa ukucha. Nikakibandua, nikakisogeza. Alikuwa sahihi. Miaka minane, na alikuwa anakumbuka mpaka unene wa ukucha.

"Kesho asubuhi naipeleka kwa Davis," nikamwambia. "Nitamwambia niliuona, nitamwambia nilimweleza nani, na nitamwambia nilivyojibu nilipoulizwa. Ukitaka kunishtaki, iwe kwa mchungaji au polisi, njia unaijua."

Aliinuka akaondoka bila kuaga.

Asubuhi niliifunga ndege kwa kitenge ndani ya boksi la viatu, nikachukua kisu, nikashuka mpakani mwa kihamba changu na cha Thadeus. Masale ya pale ni yetu sote wawili. Babu yake na babu yangu waliyapanda siku moja. Mkato wa jani aliloniletea ulikuwa umeanza kukauka na kugeuka kahawia. Kando yake palikuwa na mkato mwingine, mbichi, umande haujakauka. Nikatazama nyumbani kwa Thadeus. Mlango ulikuwa umefungwa, na ng'ombe wake walikuwa wakilia, hawajakatiwa majani, na nyayo zake kwenye umande zilishuka kuelekea njia ya Rau.

Nikachagua jani langu, nikalikata.