Kofia ya Melkiori Kwenye Kona

...na huyu naye ameungua kwenye picha, napunguza mwanga, napunguza tena, kifua cha yangeyange kimebaki cheupe bapa kama sahani, hakuna unyoya hata mmoja, jua la saa saba lilishaula wote, basi, na Mama Jenifa kwenye benchi nyuma yangu anajipepea na bahasha, anasema Rogathe mwanangu, zimebaki ngapi, nasema hii tu mama, ndiyo ya mwisho, ndege wa ziwani wa kutundika kwenye vyumba vya gesti yake kule Bonga, anawataka safi, na mimi ninao tele, ila wote wa jua kali, mtu wa kamera angeniuliza kwa nini usiende asubuhi mwanga ukiwa laini, ningemjibu nini, kwamba asubuhi Melkiori yuko Misa na mimi niko ibadani, yeye akitoka ananisubiri nje ya geti letu Walutheri, na sisi ibada ikiisha kuna mnada wa sadaka, mayai, ndizi, jogoo wa mtu, na anayenadi ni baba yangu, mzee wa kanisa, jogoo haachiwi mpaka watu wacheke, binti yake nitatorokaje, kwa hiyo ziwani tulikuwa tunafika jua liko utosini, kila Jumapili, na Melkiori anavua kofia yake ya pama anaishika juu ya lenzi, anasema piga, nimekukingia... Mbulu saa hizi kuna baridi, alipohamishiwa kufundisha shule ya kule hata sweta hakubeba, ninamkumbuka mpaka mabega yananiuma.

Hicho cheusi hapo kwenye kona ni nini, Mama Jenifa ameinuka, amesimama begani kwangu, nasema kitu tu mama, ninakikata, kitu tu, hivi ndivyo unavyomwita Melkiori, Rogathe, zile nyingine zote umeshamkata, ukingo wa kofia kila picha, kata, hifadhi, kata, hifadhi, na simu imelala kifudifudi kando ya kompyuta, ujumbe wake wa tangu asubuhi, wazee wangu wako tayari, nije nao kuposa au niache, nijibu leo... niache, aliandikaje neno hilo, na baba jana mezani hata sauti hakupandisha, kijana ni mzuri, sina neno naye, ila ukimfuata kwenye ukatoliki wake mimi Jumapili nitasimama kunadi kwa uso gani, na mimi nikaendelea kumenya kiazi, kiazi kikaisha nikabaki na maganda.

Hebu nijaribu kuangaza upande wa giza, navuta, navuta tena, kile cheusi kinafunguka polepole, huo ushonaji wa kofia, hivyo vidole, hilo kovu la mundu kwenye kidole gumba, jamani, vyote vilikuwemo, manyoya nimeyahangaikia mchana kutwa hayarudi na mkono wake umekuja kwa kuvuta mara mbili tu, na rangi za matete zimeshika kwa sababu ya kofia hiyo hiyo, ile picha ambayo aliishusha kofia ajikune imekuwa ukungu mtupu, nikamgombeza, akacheka, ndege wakaruka...

Kata basi hapo mwanangu, nisichelewe kwaya, anasema Mama Jenifa, na kwaya yenyewe ni ya kwetu, atakaa mstari mmoja na mama yangu, lolote nitakalosema hapa baba atakuwa nalo kabla ya chakula cha jioni, najua, mshale uko kwenye kukata, kidole kiko juu ya kipanya, najua kabisa.

Hii sikati, mama, nasema, nitakupa nyingine, huo ni mkono wa mtu.

Mkono wa nani.

Wa mchumba wangu, nasema, Melkiori, yule Mkatoliki, anakuja na wazee wake, na bahasha imeacha kupepea, na simu bado iko kifudifudi, na yangeyange bado hana manyoya.