Kisanduku cha Maombi Maalumu

Watu wakisikia nafanya kazi ya utalii huniuliza nimepanda ndege mara ngapi. Sijapanda hata mara moja! Mimi ni wakala: nakaa nyuma ya meza, nauza safari zilizopangwa na wengine. Kampuni ya watalii ndiyo inayopanga magari, hoteli na migahawa. Mwongoza watalii ndiye anayetembea na mteja. Kinachotuunganisha sote ni karatasi moja, vocha, na anayeiandika ni mimi.

Mteja wangu wa mwezi ule alikuwa mwalimu mstaafu, mama mpole, hajasafiri tangu aache kazi. Aliniambia mara mbili: "Mwanangu, karanga sitakiwi hata kuonja. Koo linaziba."

"Ondoa shaka, mama, naandika hapa hapa."

Simu ikalia. Nikapokea, nikacheka na mtu, nikagonga muhuri, nikamkabidhi mwalimu vocha yake. Kisanduku cha "Maombi maalumu" nilikiacha kitupu.

Mwongoza watalii aliyempokea huko ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tunamwita Ramani kwa sababu hajawahi kupotea. Kazi ile nilimtafutia mimi, naye aliipenda kupita kiasi. Kitambulisho alikivaa hata akienda sokoni, tukamcheka mpaka tukachoka. Siku ya pili ya safari mgahawa ukaleta mboga zilizoungwa kwa karanga. Mwalimu hakuuliza kitu. Aulize nini, na mimi nilishamwambia nimeandika? Baada ya vijiko vitatu akawa anatafuta pumzi. Shemeji alimbeba mwenyewe hadi garini. Mama wa watu alilazwa siku nne, akapona, namshukuru Mungu.

Kampuni ikataka kujua kosa ni la nani. Vocha yenyewe ilibaki mgahawani, na mgahawa ulishaitupa. Ilikuwepo nakala moja tu, kabatini kwangu. Walipopiga simu kuiomba, niliwaambia naileta. Nikafunga mlango wa ofisi, nikachukua kalamu ya buluu, nikaandika kisandukuni: Mteja asipewe karanga kabisa. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko siku zote. Nikaipeleka kwa mkono wangu. Nilijiambia watamkaripia shemeji kwa kutoisoma vocha, basi. Wakamwachisha kazi wiki ileile, na kitambulisho wakakichukua.

Wiki mbili nzima Ramani alibisha. "Kisanduku kilikuwa kitupu, nakumbuka!" Mume wangu akamwambia aache utoto, karatasi ile kampuni ilimwonyesha, akaiona kwa macho yake. Mimi nikajifanya natafuta chumvi. Nilijichukia, lakini kila nilipotaka kufungua mdomo niliiona kazi yangu nayo ikiondoka.

Jumapili mchana akaja nyumbani, shati limepigwa pasi, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Nimekuaibisha kwa mteja wako. Nilikuwa nabisha tu. Nimekaa nikafikiri, sasa nakumbuka vizuri: yale maandishi niliyaona, ya wino wa buluu. Nilikuwa na haraka, nikayapita. Jana nimekwenda kwa mwalimu, nikampigia magoti."

Wino ule aliuona ofisini kwa kampuni, siku walipomwita na kumwonyesha nakala yangu. Nilimharibia kazi, na sasa nimemharibia hata kumbukumbu yake.

"Hukuyaona," nikasema. "Shemeji, hukuyaona."

Akatabasamu, macho yamemlowa. "Usinifariji. Una moyo mzuri mno, ndiyo maana nilikuwa naona haya kuja."

Mume wangu akanitazama kwa fahari. Lilibaki neno moja tu la kusema, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia shemeji akae, ale. Akavuta kiti.

"Asante, shemeji," akasema. "Asante kwa kunisamehe."

"Usijali," nikamjibu, nikampakulia.