Tanuri la Pili

Mlango wa bati wa tanuri, ukiwa bado wa moto, ulimponyoka Fidelia ukamwangukia mkono wa kulia. Kabla jua halijapanda, kiganja kilikuwa kimevimba kama andazi. Jioni lori la kambi ya watengeneza barabara lingefika Makambako kuchukua mikate. Likiondoka tupu, kambi ingemtafuta mwokaji mwingine Iringa.

Enzi hizo za Mwingereza, hapakuwa na mkate uliosifiwa pale njia panda kama wake. Kuoka alifundishwa na masista wa Uwemba. Kuumua unga kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikubuni mwenyewe msimu mmoja wa mvua hamira ilipomwishia. Madereva waliupeleka mkate huo mpaka Mbeya. Lakini kila alfajiri alijifungia ndani, akakanda peke yake. Jeni, msaidizi wake wa miaka mingi, aliishia kwenye kuni na maji. Fidelia aliamini kwamba atakayejua siri ya unga wake atamwacha na kumnyang'anya wateja. Kwa hofu hiyo tanuri lilibaki moja, na wengi walirudi mikono mitupu.

"Dada Fidelia," Jeni aliita mlangoni, "unga utajikanda wenyewe?"

Fidelia alikitazama kiganja kilichovimba. Kisha akausukuma mlango kwa bega.

"Nawa mikono, uingie."

Alimwelekeza kwa maneno: ulanzi wa jana, si wa leo, kanda mpaka unga uache kung'ang'ania vidole. Jeni alikanda kwa nguvu za mtu aliyesubiri sana. Mikate ilipotoka, Fidelia aliumega mmoja, akatafuna polepole. Moyoni alitamani uwe mbaya. Haukuwa.

"Vipi, dada?"

"Ipakie," alisema.

Hata mkono ulipopona, hakuufunga tena mlango. Waliingia wanawake wengine wawili, na kabla ya kipupwe ni Fidelia mwenyewe aliyelitamka jambo aliloliogopa.

"Jeni, nenda Njombe ukajenge tanuri la pili. Liwe letu sote."

"Na nikikuacha?"

"Utakuwa umeniacha ukijua kuoka."

Asubuhi moja ya ukungu Fidelia alishuka kwenye lori mjini Njombe, akakuta foleni ya tanuri la Jeni imepinda hadi barabarani. Hakuna aliyemtambua. Akajipanga nyuma ya mwanamume aliyejifunika blanketi.

"Mkate wa hapa umeshauonja, mama?" mwanamume yule alimuuliza.

"Bado," alisema Fidelia, akasogea mbele pamoja na foleni.