Mfuniko Usio na Maajabu

Mhandisi wa maji taka alikuwa na mtaa wake mmoja wa kujivunia. Kwa miaka miwili chemba zote za mtaa ule zilikuwa zimefunikwa kwa mifuniko ya plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na haukupotea hata mmoja. Mitaa mingine, yenye mifuniko ya chuma, ilijaa mashimo yaliyozibwa kwa matairi, matawi na, mahali pamoja, kiti cha ofisi kisicho na mguu. Wezi waliing'oa mifuniko usiku, wanunuzi wa vyuma chakavu wakaipima asubuhi, na mchana mtu akatumbukia.

Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kitasa. Alikibuni mwenyewe: ufunguo mrefu wenye meno matatu, robo mzunguko, na mfuniko unaachia. Kazini walimbatiza Bi Kitasa, naye hakuona ubaya.

Sasa mfuniko ulitakiwa kutoka kwenye mtaa mmoja na kuenea mji mzima. Mkurugenzi hakuzungusha maneno.

"Kanda ya pili ikienda vizuri, mwisho wa mwezi naiomba bodi iagize ya mji wote. Ikienda vibaya tunarudi kwenye chuma, na habari hii hatuizungumzi tena."

Katika kanda ya pili mhandisi alikuwa na watu wawili anaowajua. Mmoja ni dada yake mkubwa, aliyeishi huko na mumewe. Wa pili ni msimamizi wa mafundi, aliyeitwa Bwana Hapana kwa sababu hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa jambo lolote, hata akikaribishwa chakula, na baada ya hapo hukaa akala.

Mifuniko ilipofungwa huko, wiki mbili hazikuisha. Asubuhi moja, mhandisi hajamaliza kufunga viatu, shemeji yake akapiga simu.

"Shemeji, lile kabati lako la benki mbele ya geti letu limevunjwa."

"Wezi?"

"Wezi gani? Watu wako wenyewe. Njoo uone, chai ipo."

Alikuta nusu ya mfuniko imelazwa kando ya barabara na nusu nyingine ikiopolewa kwenye chemba. Bwana Hapana alisimama juu ya shimo na buti zake ndefu, mtaimbo mkononi.

"Umeuvunja kwa mtaimbo?"

"Hapana. Nimejaribu kuufungua kwa mtaimbo. Kuvunjika ni uamuzi wake."

"Kuna ufunguo. Niliwaletea mwenyewe."

"Bi Kitasa, maji taka yameingia jikoni kwa watu alfajiri. Ufunguo uko stoo, na stoo inafunguliwa saa mbili. Niyaambie maji yapange foleni?"

Mafundi wakacheka. Mhandisi alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa mwongozo wa kurasa nyingi, akaona aliache. Akaenda stoo.

Ufunguo ulikuwepo. Ulitundikwa juu kabisa ukutani, kati ya saa na kalenda, bado umo ndani ya nailoni yake. Mtunza stoo, mama nadhifu aliyefuta vumbi hata kwenye makopo ya misumari, alimwonyesha kama anayeonyesha cheti cha mtoto.

"Sijaruhusu mtu aushike, mhandisi. Ni mmoja tu. Ukipotea nitasema nini?"

Mhandisi akamshukuru, kwa kuwa kosa la huyu mama hakuliona. Kitu kipya, cha peke yake, kilicholetwa na ofisi kuu, kilitunzwa hivyo hivyo katika kila stoo aliyowahi kuingia. Kule kwenye mtaa wa majaribio ufunguo ulikaa ndani ya pikapu yake, na kila chemba ilipofunguliwa, pikapu ilikuwepo. Kwa miaka miwili alikuwa akiujaribu mfuniko pamoja na yeye mwenyewe, na yeye hakuweza kuagizwa kwa ajili ya mji wote.

Alirudi kwa dada yake, akakaa kwenye ngazi na kikombe cha chai akipiga hesabu ya funguo. Kila kikosi na wake, zitapotea, zitachongwa nyingine, wezi nao watachonga zao. Hesabu ilikataa kila alipoigeuza.

Hapo akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni. Akauona mfuniko uliovunjika, akasimama, akatoa sumaku aliyoifunga kwa kamba, akaigusisha. Sumaku haikushika. Akausukuma mfuniko kwa mguu, akaenda zake.

"Mdogo wangu, chai inapoa," dada akasema mlangoni. "Unamwangalia nini yule?"

"Ameuacha."

"Auchukue wa nini? Takataka hiyo!"

"Ndiyo hiyo, dada. Takataka." Akacheka peke yake, dada akamtazama kwa mashaka.

Kitasa kilikuwa kinamzuia mwizi wa chuma asiibe kitu kisicho na chuma. Alikuwa kama mtu aliyehama nyumba akaondoka na ufunguo wa mlango aliouacha. Sifa zote alizokipa kitasa zilistahili plastiki.

Hakuliamini wazo kwa kuwa tu lilimfurahisha. Siku ile ile aliagiza vitasa vyote vya mtaa wa majaribio viachwe wazi, kwani uzito wa mfuniko ulitosha kumshinda mtoto. Kila asubuhi akapita mwenyewe kukagua. Mifuniko yote ilikuwepo.

Ndipo akaenda kiwandani. Kitasa kikatolewa. Mahali pake pakachongwa tundu la pembeni, ukingo wake mnene, upana wa ncha ya mtaimbo.

"Si ndicho ulichopigiwa makofi kwenye mkutano?" mkurugenzi aliuliza.

"Ndicho."

"Na hakikuumi?"

"Kinaniuma. Lakini tundu linafunguka bila mimi."

Mfuniko mpya ukawekwa mbele ya geti la dada, bila mafunzo wala hotuba. Chemba ilipoziba tena, mhandisi aliegesha pikapu mbali kidogo, akabaki ndani. Bwana Hapana akachomeka mtaimbo, akainua, kikosi kikazibua, kisha akaurudisha mfuniko kwa teke, kama alivyofanya maisha yake yote. Ukakaa sawasawa.

"Unauonaje ule mpya?" mhandisi akashuka, akamuuliza.

"Mpya upi?"

"Uliofungua sasa hivi."

Akageuka kuutazama. "Huu? Nilidhani utatuletea maajabu mengine. Huu ni mfuniko tu."

"Utautumia kanda nzima?"

"Hapan..." Akajikuna kidevu. "Unaweza kunipa mingapi?"

Bodi ilipitisha agizo la mji mzima mwisho wa mwezi ule. Jumapili iliyofuata mhandisi alikuwa mezani kwa dada yake, na shemeji alikuwa amejiandaa tangu asubuhi.

"Sasa tukuiteje? Bi Kitasa asiye na kitasa?"

"Mwache ale," dada akasema.

Nje ya geti mfuniko uliangushwa mahali pake kwa kishindo kizito, na mafundi wakaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyegeuza kichwa mezani. Mhandisi alijizuia kwenda kuchungulia, kisha naye akanyoosha mkono kuongeza mboga.