Ukuta wa Swali la Nne

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwalimu Mcheshi, na hata leo hakatai. Walikuwa kwenye kikao cha kuandaa mwongozo wa kusahihisha mtihani. Kiongozi wa jopo aliuliza lengo la mwandishi wa kifungu cha ufahamu ni lipi, na Mwalimu Mcheshi, aliyekuwa akichekea tumboni tangu mstari wa kwanza, akadakia:

"Si kuburudisha? Ukuta unakohoa kama babu aliyepaliwa na maji! Mtu akiandika hivyo anataka nini tena?"

Kikao kikaangua kicheko. Kiongozi, ambaye wenzake walimwita Bi Mwongozo, akaandika: swali la nne, kuburudisha, alama mbili.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, karatasi ya mia na kumi na mbili ilikohoa. Ilikohoa kikohozi kikavu, mara mbili, ikatema vumbi la saruji mezani. Mwalimu Mcheshi alilifuta kwa kiganja, akatafuta swali la nne. Mtahiniwa alikuwa ameandika: "Lengo la mwandishi ni ukuta ujengwe kabla haujatuangukia. Huo ukuta uko nyuma ya dawati langu."

Chini ya jibu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia ukingoni mwa karatasi. Alipoweka rula, ulikuwa sentimita nne. Alipoiondoa, tano.

Akaipeleka kwa kiongozi.

"Dada, hili jibu ni sahihi."

"Mwongozo unasemaje?"

"Mwongozo ni mimi niliyeropoka."

"Basi ulichoropoka ndicho sheria. Rudi mezani."

Hakurudi. Kanuni aliijua: jibu la nje ya mwongozo likikubaliwa, jopo huandika ripoti, na ripoti hufika kwa mkurugenzi wa elimu siku hiyohiyo. Alama mbili zile ndizo zilikuwa njia pekee iliyobaki ya kuufikisha ukuta kwa mtu mwenye uwezo wa kununua matofali.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mzee mwenye koti la kijivu. Alikuwa ameshajiandikisha kwenye kitabu cha wageni, na penye "Unakotoka" akajaza "Makaburini". Ndiye aliyeandika kifungu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo yenye ukuta, akafariki mwaka juzi. Bi Mwongozo akamsogezea kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia mnabishania lengo langu."

Akaeleza bila haraka. Kifungu hicho kilikuwa barua. Aliiandikia ofisi ya elimu mara tatu. Mbili za kwanza, za lugha kavu, hazikujibiwa. Ya tatu akaipamba, akaupa ukuta kifua na kikohozi, labda mtu angeuonea huruma. Ofisi ikaipenda mno. Ikakata salamu na sahihi, ikaipeleka kwa watunga mitihani.

"Kwa hiyo tashihisi ni sahihi," alisema Bi Mwongozo, akiangalia jibu la swali la tatu.

"Tashihisi ni nzima kabisa, mwanangu. Mbovu ni ukuta."

Ufa ulikuwa umeshavuka swali la tano, unaelekea namba ya mtahiniwa. Karatasi ikakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. Walimu wa meza za jirani wakafunika vikombe vyao vya chai, wakaendelea kusahihisha.

"Dada," alisema Mwalimu Mcheshi, "aliyefanya mtihani ameshaondoka pale. Dawati limepata mtoto mwingine. Yuko hapo sasa hivi, ameupa kisogo ukuta huo."

"Na mimi nina karatasi elfu sita, mwisho kesho jioni. Nikiufungua mwongozo kwa huyu, nimeufungua kwa wote. Ulipowachekesha watu, mimi niliandika. Leo utani umegeuka msiba, unataka nifute?"

Mzee akainama mbele.

"Mwanangu, barua ni yangu. Ningekaa nikaufanya mtihani huu, nikaandika lengo langu kwa mkono wangu mwenyewe, ungenipa ngapi?"

Bi Mwongozo alipitisha kidole kwenye mwongozo, mstari kwa mstari, kwa haki kabisa. Kisha akakata kipande cha selotepu, akaubandika ufa.

"Sufuri, mzee wangu. Na ungekuwa hai, ungekata rufaa."