Mitutu Miwili ya Wajomba

Maribeth alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni na cheti cha hisabati, barua ya onyo kutoka kwa matroni, na sifa isiyofutika ya kumwekea mwalimu wa kwaya chura ndani ya piano. Hayo yalikuwa mambo madogo. Jambo kubwa ni kwamba Ijumaa alasiri, wajomba zake wawili walipokwenda kanisani kula maharage na wenzao, alikuwa amefanya mzaha ambao kwa maoni yake ulistahili kuchongwa kwenye jiwe.

Mjomba Thurman na Mjomba Royce walikuwa na magobore mawili ya aina moja, yaliyonunuliwa duka moja, siku moja, miaka ishirini iliyopita. Yalikuwa magobore ya kufunguka katikati: unabonyeza kitufe, mtutu unainama kama mlango kwenye bawaba, unatia nyuma fataki ya kuwashia baruti, unafunga. Baruti na risasi zilishindiliwa kwa mbele kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, kama enzi za mababu. Kila Desemba, msimu wa magobore ulipofunguliwa vilimani, ndugu hao walibishana kama mawakili. Thurman alisema mtutu wake haujawahi kukosa. Royce alisema wa Thurman unafaa kuchochea jiko.

Mtutu hushikiliwa na skrubu moja tu chini. Kwa dakika kumi, Maribeth akabadilisha mitutu: wa Thurman kwenye gobore la Royce, wa Royce kwenye gobore la Thurman. Yote miwili ilifunga, tah, bila kulalamika. Mpango ulikuwa kungoja chakula cha Jumamosi jioni, mmoja wao akishaanza kuusifu mtutu wake, ndipo yeye asimame, agonge glasi kwa kijiko, na kutangaza ukweli kwa taifa.

Jumamosi asubuhi alishuka jikoni akanusa mchuzi mweupe wa soseji. Bibi Delpha alikuwa anasukuma unga. Thurman alikuwa ameondoka kwenda kuwinda kabla hakujapambazuka. Royce, ambaye goti lake lilimfanya achelewe kila mahali isipokuwa mezani, alikuwa amelaza gobore lake juu ya gazeti, analifungua na kulifunga huku amekunja uso.

"Mama, umeligusa hili?"

"Mimi niguse uchafu wako, halafu mikate nisukume na nini?"

Royce alichomoa karatasi ya kusokotea sigara, akaiweka mahali mtutu unapokutana na mwili wa bunduki, akafunga. Akaivuta taratibu. Karatasi ikatoka nzima, laini, kama barua kutoka kwenye bahasha.

"Miaka ishirini karatasi haijawahi kutoka hapa," alisema. "Inakwama mpaka inachanika. Huu si mtutu wangu."

Maribeth alipaswa kucheka. Badala yake alisogea mezani akaitazama ile karatasi.

"Si ni aina moja, Mjomba? Mwaka mmoja?"

"Wewe na mama yako mna pua moja. Mbona miwani yake haikukai?" Royce hakuinua macho. "Kiwandani waliusugua kila mtutu kwa tupa mpaka ukakaa kwenye mwili wake. Ndiyo maana ukitaka mtutu wa pili unawapelekea bunduki yenyewe waupime. Huokoti tu wa jirani ukachomeka." Kisha akamtazama. "Maribeth."

"Ulikuwa mzaha."

"Wangu uko wapi?"

"Kwa Mjomba Thurman."

Bibi Delpha aliacha kusukuma. Royce alisimama, goti likamkatalia, akashika meza.

"Huu umelegea kwangu kidogo. Wangu ukiwa kwake, sijui. Komeo linaweza kuwa limeng'ata kwa ncha ya ukucha tu. Akipiga, linaachia, bunduki inafunguka yenyewe, na moto wote unakuja huku." Hakuonyesha bunduki. Alionyesha jicho lake.

"Mpigie simu!" alisema Bibi.

Maribeth akapiga. Simu ya Thurman ikaanza kunguruma ndani ya kopo la mikate. Aliiacha huko kila msimu, kwa imani kwamba simu ina harufu ya binadamu.

"Vaa kizibao changu, wakuone," Royce alisema. "Huko juu leo kila mtu ana baruti. Kimbia, mtoto. Kimbia!"

Kizibao cha rangi ya chungwa kilimfika magotini. Alipanda mlima akiwa kama boga lililopata habari mbaya. Umande ulikuwa umeganda, majani makavu yalivunjika chini ya miguu kama vyombo, na kila alipovuta pumzi alisikiliza mlio. Kama angeusikia, angejua ameshachelewa. Mara moja bunduki ilipiga, mbali, upande wa pili wa bonde. Alisimama, akashika mti, akangoja mpaka moyo ukubali kwamba haikuwa ile.

Thurman alikuwa juu ya dungu lake, ubao uliofungwa kwenye mwaloni, mita nne kutoka ardhini. Gobore lilikuwa begani. Halikumwelekea Maribeth. Lilielekea uwanja mdogo wa nyasi, na kwenye nyasi alisimama kulungu dume ambaye familia nzima ilimwita Mchungaji, kwa sababu ya ukosi mweupe shingoni, kama wa mhubiri. Thurman alikuwa amemfuatilia Mchungaji kwa miaka mitatu.

"Mjomba," Maribeth alinong'ona kwa nguvu. "Usipige."

Mkono wa Thurman ulipunga kidogo: potea.

"Nimebadilisha mitutu. Bunduki haijafunga. Itakupasukia usoni."

"Mwaka jana," alinong'ona Thurman bila kugeuka, "ulisema nyumba inaungua."

"Leo ni kweli. Naapa."

"Hata mwaka jana uliapa."

Ilikuwa hivyo. Aliapa, tena kwa Biblia ya Bibi, na Thurman akashuka mlima mzima akakuta nyumba imesimama na Maribeth ana kamera. Sasa alitafuta neno moja ambalo hajawahi kulitumia kumdanganya mtu huyu, na hakulipata. Yote alikuwa ameshayachezea.

Shavu la Thurman lililala kwenye kitako cha bunduki. Kidole kiliingia kwenye kifyatulio.

Maribeth alitoka chini ya mwaloni akaingia kwenye nyasi. Hakupiga kelele, kwa kuwa mtu akishtuka kidole hukaza. Alitembea tu, mikono juu, rangi ya chungwa ikimpepea magotini, mpaka akawa kati ya mdomo wa bunduki na Mchungaji. Nyuma yake alisikia kwato, matawi, kisha hakuna.

Mtutu ulishuka ukatazama chini.

"Una wazimu?" Thurman sasa alikuwa anapiga kelele. "Una wazimu wewe? Nilikuwa nimeshaanza kuvuta! Unajua ningekuwa nimefanya nini sasa hivi?"

"Ipime kwa karatasi, Mjomba. Halafu unichape."

Alishuka. Alifungua gobore, akatoa fataki, akaitia mfukoni. Karatasi pekee aliyokuwa nayo ni kibali cha mnyama, kile cha kumfunga Mchungaji sikioni akishaanguka. Akaiweka, akafunga, akavuta. Kibali kilitoka bila hata kukunjamana. Akarudia. Akarudia tena, kama mtu anayerudia hesabu ya mwingine akitumaini amekosea yeye.

Ndipo Maribeth aliona doa jeusi chini ya jicho la kulia la Thurman, dogo kama punje ya mtama.

"Hiyo nini?"

Thurman aligusa, akaguna. "Kabla ya kushindilia nilipiga fataki tupu, kukausha mafuta. Kama siku zote. Ikanitemea." Alitazama kidole chake. "Nikadhani ni baridi inauma."

Hiyo ilikuwa fataki peke yake. Ndani ya mtutu baruti yote ilikuwa bado imelala.

Kwa kisu chake Thurman alifungua skrubu, akautenga mtutu na mwili, akampa Maribeth. "Beba. Mdomo uangalie ardhi."

Walishuka. Mtutu ulikuwa mzito na baridi yake ilipita kwenye glavu zake. Karibu na uzio Maribeth alisema, "Nilipanga kutangaza mezani. Jioni. Kwa kijiko na glasi."

"Basi utatangaza," alisema Thurman. "Kijiko utapewa."

Royce alikuwa amefika mpaka getini, kwa mguu mmoja na fimbo ya ufagio. Kinywa chake kilikuwa tayari kufunguka na kejeli ya miaka ishirini, ile ya jiko. Kisha akaona doa. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akamshika ndugu yake kidevu kama mtoto, akasugua.

Doa halikutoka. Royce alisugua tena, na Thurman, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu amguse uso, alisimama tu akamwachia.