Modemu ya Ihanda na Baba Mkwe wa Mizani

Gwantwa aliposikia jina la mtu wa mizani, alitamani kurudi Tunduma kwa miguu.

"Ni mzee mmoja wa kwenu Ileje, kule Ibaba," Bi Fausta, meneja wa ghala la ushirika pale Ihanda, alimwambia huku akimfungulia mlango wa ofisi. "Anaitwa Nsajigwa. Tumemhamishia kwenye mizani mwezi uliopita. Mtu mwenye bidii, utafurahi naye."

Utafurahi naye! Mzee Nsajigwa ndiye aliyemzaa Lwitiko, na Lwitiko ndiye mume wa Gwantwa. Mimi namtaja mzee bila wasiwasi kwa sababu si mkwe wangu, lakini Gwantwa hajalitamka jina hilo tangu aolewe, na huu ni mwaka wa nne. Siku hizi wako wanaokaa meza moja na baba wakwe zao na kupiga stori mpaka chai inapoa. Familia ile hapana. Kwao mke wa mtoto haongei na baba mkwe, hamtazami usoni, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Hata simu hajawahi kumpigia. Halafu leo kazi inataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, tena wanaoelewana. Mwe!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mizani ya malori iko getini, chini bondeni. Ofisi iko juu, mwendo wa dakika tano kwa mwenye mapafu mazuri, na kando ya njia, jirani na mizani, kuna mashine ya kusaga. Zamani uzito ulisafiri kwa waya wa shaba, tarakimu moja nyuma ya nyingine, mpaka kwenye kompyuta ya Bi Fausta. Sasa radi za Mbozi nani asiyezijua? Zimeuunguza ule waya mara mbili, na mara ya pili ukaondoka na kompyuta. Ndiyo maana safari hii wamepitisha nyuzi mbili za kioo, zinazobeba mwanga tu, radi hazina habari nazo. Kila mwisho panafungwa modemu, kiboksi kidogo chenye tundu la kutuma na tundu la kupokea. Uzi unaotoka kwenye tundu la kutuma huku, uingie la kupokea kule. Ukipatia, taa ya kijani inawaka. Ukikosea, kila kiboksi kinaongea peke yake na hakuna anayesikia.

Gwantwa alikuwa ametumwa na Gibson, mwenye karakana pale Tunduma, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kwenda peke yake. Ushirika una mizani nyingine sita. Hii ikikubali, zote sita ni za Gwantwa. Isipokubali, Bi Fausta alishasema wazi: lori la kahawa linafika saa sita, na kama uzito wake hautaonekana kwenye kompyuta, Jumatatu anaita fundi mwingine. Gwantwa angerudi kwenye meza yake kuchomelea chaja za simu za watu, na yeye chaja alikuwa amezichoka mpaka kwenye ndoto.

Akamfuata Ketrina, mpika chai wa ghala, Mndali mwenzake, anayezijua mila zao.

"Dada Ketrina, yule mzee wa mizani ni mkwe wangu."

Ketrina akashika mdomo. Hakuhitaji maelezo zaidi. Nje ya jiko lake palining'inia rimu ya gari, inayogongwa watu wakiitwa kula. Wakapanga: Gwantwa akitaka kushuka, rimu inagongwa mara mbili, na mzee anatoka kibandani kwenda kujikalia kwenye mashine ya kusaga. Gwantwa akirudi ofisini, inagongwa mara moja, na mzee anaingia kibandani kwake. Ketrina akashuka kumweleza mzee, akarudi anacheka. "Amekubali. Amesema atakaa kwenye mashine ya kusaga hata mpaka jioni."

Ngo, ngo! Gwantwa akashuka. Kibanda kitupu, kiti bado cha moto. Akafunga modemu, akachomeka nyuzi, akapanda ofisini. Ngo! Akaitazama ile ya juu: taa haiwaki.

"Hamna shida," akamwambia Bi Fausta. "Nageuza nyuzi tu."

Akageuza. Taa ikawaka kijani kizuri mpaka Bi Fausta akapiga makofi. Kofi la tatu halijalia, taa ikazima.

"Imekuwaje tena?"

"Inajinyoosha," Gwantwa akasema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Ngo, ngo! Akashuka. Akafuta ncha za nyuzi kwa spiriti, akakagua umeme, kila kitu kiko sawa. Akapanda. Ngo! Akageuza tena. Taa ikawaka. Bi Fausta safari hii hakupiga makofi, alisubiri kwanza, na alifanya vyema, maana ilizima.

Saa tano na robo Gwantwa alikuwa ameshapanda na kushuka mara nne. Jasho linamtoka, sketi imejaa vumbi, na wapagazi wa ghala wameanza kumhesabia. "Fundi, ya tano hiyo!" Naye akicheka anaona aibu, asipocheka anataka kulia. Kiboksi gani hiki kinachowaka sekunde mbili kisha kinabadili mawazo?

Mara ya tano akakishika kile kiboksi cha chini, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akaona alama ya dole gumba. Dole gumba zima la unga wa mahindi, jeupe, limepigwa juu ya tundu la kutuma. Na lingine kwenye la kupokea.

Nani pale Ihanda alikuwa na unga mikononi, na ruhusa ya kuingia kile kibanda? Mtu aliyekaa kwenye mashine ya kusaga asubuhi nzima!

Gwantwa akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Sasa alielewa. Rimu inagongwa mara moja, yeye kule juu anaona taa imezima, anageuza nyuzi. Dakika hiyohiyo mzee naye anaingia, anaona taa imezima, na kwa kuwa alishamchungulia mkwewe dirishani akigeuzageuza, anageuza na yeye. Anasaidia! Vidole vyake ni vya kizee, vinachelewa kidogo, ndizo zile sekunde mbili za kijani. Watu wawili wanasahihisha kosa lilelile kwa adabu kubwa, na kila mmoja anaharibu ya mwenzake.

Sasa amwambieje? Kumtuma Ketrina apande ashuke, saa inakimbia. Kumwita, haiwezekani. Gwantwa akafuta unga wote, akatoka nje, akaupa mgongo upande wa mashine ya kusaga, akaikabili mizani. Kuongea na baba mkwe amekatazwa. Kuongea na mizani hakuna aliyemkataza.

"Wewe mizani!" akapaza sauti. "Hizo nyuzi nimeshazifuta unga. Nikiondoka zikae zilivyo, zisiguswe hata kama taa imezima! Nitageuza za juu peke yangu!"

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, wasagishaji wote wamekodoa macho. Kisha nyuma ya ukuta ikaja sauti nzito, ya mtu anayezungumza na magunia.

"Enyi magunia! Mizani imesikia. Imeona haya sana!"

Watu wakaangua kicheko. Gwantwa naye, mabega yanamtikisika, akaona afadhali amalize yote hapohapo. "Na tena, mizani! Kasi yako ya kutuma namba ni ngapi? Kitabu chako kimeliwa na panya!"

"Magunia, ni elfu mbili mia nne! Nimeisoma mwenyewe kwenye kioo chake!"

Barabarani lori likapiga honi. Gwantwa alipanda ule mlima akikimbia, viatu mkononi. Ngo! Akageuza nyuzi. Kijani. Akahesabu mpaka ishirini. Kijani. Akaweka kasi elfu mbili mia nne kwenye kompyuta, na hapo kwenye kioo ikatokea sifuri moja safi.

"Sifuri tu?" Bi Fausta akauliza.

"Hakuna kitu juu ya mizani, mama."

Namba ikabadilika. Sitini. Ikarudi sifuri. Sitini. Sifuri. Sitini, sifuri, sitini!

"Imeharibika tayari!" Bi Fausta akapiga kelele.

Gwantwa alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Lori lilikuwa bado nje ya geti. Pale juu ya chuma palikuwa na mzee wa kilo sitini, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, anamwonyesha mkwewe kwamba inafika. Kisha sitini ikatulia, haiendi wala hairudi. Mzee amesimama anasubiri.

Ile njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Gwantwa akabonyeza amri ya kufuta uzito. Kule bondeni mizani ikalia pii, na namba za mzee zikawa sifuri akiwa amesimama palepale. Kicheko chake kilifika mpaka ofisini. Miaka minne, na Gwantwa hakuwa anajua kwamba baba mkwe wake anacheka vile.

Mzee akashuka, Gwantwa akafuta tena ili mizani ianze sifuri, lori likapanda. Elfu ishirini na saba, mia nne na sitini, ikasoma kompyuta. Bi Fausta akaiandika, akaitazama tena, kisha akachukua simu kumpigia Gibson. Kabla hajapokelewa, Ketrina akaingia anahema, kanga imemvuka begani.

"Meneja, nimetumwa na mzee wa mizani. Anasema hizo mizani sita zilizobaki, ukimpeleka fundi mwingine yeyote, yeye anaacha kazi."